Sanduku la Kufuli Tatu

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini wazee wa Kawempe, jijini Kampala, wameiona ikioza. Mei 1987 serikali ya Uganda ilibadili fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa kama ushuru. Aliyekuwa na shilingi 10,000 chini ya godoro alibaki na 70. Mwaka 1999 zikafungwa Greenland Bank na Cooperative Bank, na wenye vitabu vya akiba wakakuta milango imetiwa kufuli. Kwa hiyo anayetaka kusifu ufundi wa kuishi kwa kipato kidogo asianzie benki. Aende Bwaise na Kalerwe, huko huko Kawempe, kwa watu wanaojua kuwa pesa hupotea kwanza kwa kuwa karibu mno na mkono wa mwenyewe.

Kawempe kipato cha wengi huja kwa siku: abiria wa bodaboda, nguo za kufua, ndizi za kutembeza. Anayepata kwa siku hununua kwa siku: mafuta ya kupima, sukari ya kufungiwa, mkaa wa kopo. Mwenye mshahara hushangaa kwa nini hawanunui gunia, maana ni nafuu. Ni nafuu kwa mwenye hela ya gunia. Tena mkaa ukiwa tele ndani, moto huachwa ukiwaka bure na majirani hawaishi kuja kuomba. Kopo halina cha kuombwa.

Mtazame mpishi mjuzi mbele ya sigiri yake. Maharage yamelala majini tangu jana usiku, kwa hiyo hayatakula mkaa mwingi. Ndiyo yanayotangulia, moto ukiwa mkali. Kisha matoke, yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Kisha, makaa yakianza kulegea, anayafunika kwa majivu na kuteleka maji ya kuogeshea watoto. Moto mmoja, kazi tatu. Maganda ya ndizi hayatupwi: kuna wanaoyakausha, wakayachoma, wakayachanganya na vumbi la mkaa na udongo kidogo, wakafinyanga vitonge vya kuwashia. Baada ya amri ya rais ya Mei 2023 kupiga marufuku mkaa wa biashara kutoka kaskazini, ujuzi huo uliongezeka thamani. Jioni mpishi huyo huyo atashuka soko la Kalerwe, saa ambayo muuzaji wa nyanya hataki kulala nazo. Atapunguziwa bei, na ataomba nyongeza kwa utani, bila kumbana sana, kwa sababu iko siku atamhitaji amkopeshe.

Lakini alichookoa jikoni kitakwenda wapi? Tangu MTN ilipoanzisha mobile money mwaka 2009, simu imekuwa pochi ya kila mtu. Tatizo la pochi hiyo ni wepesi wake: shemeji akipiga simu ana shida, pesa imeshaondoka kabla mazungumzo hayajaisha. Sanduku la kikundi cha akiba lina usumbufu, na usumbufu ndio uzuri wake. Ni la chuma, lina kufuli tatu; funguo wanazo watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Siku ya kikao kila mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu chake. Aliyechelewa anatozwa faini. Mkopo hutolewa hapo hapo mbele ya macho ya wote, na riba yake hurudi sandukuni. Kabla ya kufunga, pesa huhesabiwa kwa sauti na kila mtu huambiwa aishike hesabu kichwani. Kikao kinachofuata hufunguliwa kwa swali: tuliacha ngapi? Daftari linaweza kuchezewa. Vichwa ishirini ni vigumu.

Utaratibu huu wa hisa ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Kampala haikuupokea kama mgeni, kwani wanawake wake wana nigiina zao, mchezo wa kupokezana fedha kwa zamu. Kilichoongezeka ni kufuli na muhuri. Kiini ni kile kile: nisaidie kujizuia, nami nikusaidie.

Mwaka ukiisha, sanduku hufunguliwa na kila mtu hupata chake pamoja na faida. Wengine hulipa ada, wengine hununua bati au tairi. Hakuna anayetajirika. Mafuriko ya Bwaise hayaulizi nani alibana matumizi, na kipato kidogo hakigeuki kikubwa kwa kuhesabiwa vizuri. Ila mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, mama aliye kwenye kikundi hupanda bodaboda kwenda hospitali bila kwanza kutafuta mtu wa kumuuzia sigiri. Kwa ufundi usio na cheti wala mwalimu, hiyo si kazi ndogo.