Fundi wa Risasi Baridi

Katika kibanda cha video tulikokulia, mambo mawili hayakuwa na ubishi: steringi hafi, na risasi hazimwishii. Tulichobishania ni kama bunduki zile zilikuwa za kweli. Mimi nilikuwa upande wa bandia, na nilizabwa kofi kwa ajili hiyo. Leo najua kwamba sote tulikuwa sahihi, maana kati ya ukweli na ubandia kuna mtu hatukuwahi kumfikiria: fundi wa silaha za filamu.

Nyingi ya bunduki zile ni za kweli, ila zimetiwa risasi baridi: ganda, fataki na baruti, bila kichwa cha risasi. Hapo ndipo kazi huanza. Bunduki ya rashasha hujipakia yenyewe kwa nguvu inayobanwa mtutuni risasi inapotoka. Kichwa kisipokuwepo, gesi hupita bila kuzuiwa na bunduki hulia mara moja tu, ikakwama. Kwa hiyo fundi huuziba mtutu kwa kizibo chenye tundu dogo, lililopimwa kulingana na baruti, kama mtengeneza zumari apimavyo matundu yake.

Kisha kuna mwako wa mtutuni. Kamera hupiga picha 24 kwa sekunde, na kati ya picha na picha hufumba jicho. Mwako ukitoka wakati jicho limefumba, steringi huonekana akitetemeka bure kama mwenye homa.

Mafundi hawa ni wajanja pia. Kwa ajili ya *Star Wars*, filamu ya mwaka 1977, silaha za sayari za mbali zilitoka kwa Bapty, waazimishaji wa silaha mjini London. Bunduki ya askari wa deraya nyeupe ni Sterling ya Kiingereza iliyobandikwa vipande vya plastiki. Bastola ya mhusika Han Solo ni Mauser ya Kijerumani iliyowekewa darubini. Chuma cha vita vya wazee kikapewa kazi ya kesho.

Lakini ninayoipenda zaidi ni *Heat* ya Michael Mann, ya mwaka 1995. Majambazi wanatoka benki katikati ya Los Angeles, na milio tunayoisikia ni ileile iliyonaswa pale barabarani, ikigonga majengo na kurudi. Siku hizi wengi huchora mwako kwa kompyuta. Sibishani nao, hasa baada ya mpigapicha wa filamu Halyna Hutchins kuuawa kwa risasi akiwa kazini mwaka 2021 huko New Mexico, ila bega la mwigizaji haliruki vilevile.

Kwani kazi hii huua. Bruce Lee tulimjua kibandani kuliko tulivyowajua wajomba zetu. Mwanawe, Brandon, alikufa Machi 1993 akiigiza *The Crow*, akiwa na miaka 28. Risasi za maonyesho, zile za kupigwa picha kwa karibu, zilikuwa zimetengenezwa kwa kumwagwa baruti, fataki ikaachwa. Fataki moja ikalipuka, ikasukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, kikanasa humo. Baadaye bastola ileile ikatiwa risasi baridi, na baruti yake ikakimalizia kichwa kile safari. Hakuna aliyekuwa amechungulia mtutu.

Ndiyo maana fundi makini huchungulia kila mara kwa kurunzi, kisha humwita mwigizaji naye achungulie. Risasi zake za maonyesho huzitoboa ubavuni, au huzitia gololi ndogo ndani ili zikitikiswa zilie. Watu wote uwanjani wanalipwa waamini kwamba kuna vita. Yeye peke yake analipwa asiamini, na akikataa, hata mwongozaji husubiri.

Jina lake hupita mwishoni, katika herufi ndogo zinazopanda. Hatukuwahi kulisoma. Steringi akishashinda tu, mwenye kibanda alikuwa tayari anatoa kaseti.