Katibu Hayumo Riwayani

Mimi si mhakiki wa chuo. Niliishia kidato cha nne, na uhakiki ninaoujua ni ule wa kukariri dhamira na wahusika usiku wa kuamkia mtihani. Naandika riwaya yangu ya kwanza, haijaisha, kwa hiyo ukiona namkosoa mwenzangu ujue na mimi nimo humo humo.

Mswada wenyewe umeandikwa kwa kalamu ya bluu ndani ya kaunta buku. Mwandishi ni kijana mwenzetu wa huku Mbagala, jina ameomba lisitajwe. Kisa ni cha mtoto wa miaka 13 anayejiunga na kikundi cha vijana Temeke, vile vya gwaride, nyimbo na kambi. Kiongozi anapendwa na wazazi wote. Anawanunulia watoto soda, anawasindikiza hadi mlangoni. Halafu kambini, usiku, zipu ya hema inasikika ikifunguliwa. Sura hiyo ina kurasa nne tu na tendo lenyewe halitajwi hata mara moja, lakini nilipoisoma kwenye daladala nilipitiliza kituo. Kwa kweli hapo jamaa ameweza.

Shida ni sura ya sita. Mtoto sasa ni mtu mzima wa miaka 25. Kiongozi anagongwa na lori pale Rangi Tatu, anakufa, kijana amesimama pembeni anatazama shuka waliyomfunikia. Mwisho. Ati Mungu amelipa!

Nikarudi nyuma kutafuta kitu nilichokuwa nimekipita. Ukurasa wa 41, katikati ya maelezo ya mvua, imeandikwa kwamba mama alikwenda kulalamika, na baada ya wiki mbili yule bwana akahamishiwa tawi la Kinondoni. Basi, hivyo tu. Jamani, nani alimhamisha? Nani aliandika barua, nani akagonga mhuri? Wazazi wa Kinondoni waliambiwa nini? Riwaya nzima imo katika sentensi hiyo, na mwandishi ameiruka kama dimbwi la maji.

Simlaumu yeye peke yake, tumerithi. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Rosa anatumiwa na wanaume wenye vyeo, Bwana Maendeleo akiwemo, na mwishowe anajiua. Kitabu kilikuwa cha kishujaa, hata kikapigwa marufuku mashuleni. Lakini angalia anayelipa. Analipa Rosa kwa roho yake. Ofisi zilizowapa wale wanaume vyeo haziitwi kizimbani. Sisi tuliokisoma tukiwa vijana tumeshika mtindo huo huo: aliyeonewa anakufa, au mwonevu anapata ajali, na ofisi inabaki na kufuli lake.

Sasa kipo kisa cha kweli kinachofanana sana na huu mswada. Skauti tunawajua wote, mwanzilishi wao Baden-Powell amezikwa hapo Nyeri, Kenya, tangu 1941. Chama cha skauti wavulana cha Marekani kilikuwa na mafaili ya siri, tangu miaka ya 1920, yenye majina ya viongozi waliotuhumiwa kuharibu watoto. Mwaka 2010 kesi ya mtu mmoja aliyekishtaki ilisikilizwa huko Portland, jimbo la Oregon. Ikabainika kwamba kiongozi aliyemharibu alikuwa ameshakiri mwaka 1983 kuwadhalilisha wavulana 17, na bado akaachwa karibu na watoto. Chama kikaamriwa kulipa dola milioni 18.5 kama adhabu. Mwaka 2012 mafaili zaidi ya 1,200 yakawekwa wazi kwa amri ya mahakama. Februari 2020 chama kikajitangaza mufilisi, na watu zaidi ya 82,000 wakajaza fomu za madai.

Umeona nani mhusika mkuu hapo? Ni faili. Halina sura wala tamaa, limelala kwenye droo na linajua kila kitu.

Sitaki kukudanganya kwamba huko yaliisha vizuri. Mfuko wa fidia ulitajwa kuwa wa dola bilioni 2.46, lakini ukagawanywa kwa jedwali. Anayetaka yaishe haraka achukue dola 3,500. Wengine wanapangwa kwa aina ya kitendo, hadi milioni 2.7 kwa aliyefanyiwa mabaya zaidi, na aliyetokea jimbo ambalo muda wa kushtaki umepita anakatwa. Malipo ya kwanza yakawa asilimia 1.5 ya kile mtu alichokubaliwa. Utoto wako unapangwa mafungu kama nyanya za Temeke Sterio. Mwandishi anayetaka kuonyesha uchungu angeanzia kwa mzee wa miaka 60 anayeulizwa na fomu: mara ngapi?

Na kwetu je? Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inamtaka aliyepatikana na hatia alipe fidia juu ya kifungo. Aliyepatikana na hatia. Ukitaka kikundi kilichomhamisha nacho kilipe, hiyo ni kesi ya madai, na Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara kama hayo, kwa mtoto ikihesabiwa tangu afikishe miaka 18. Kijana wetu pale Rangi Tatu ana 25. Muda wake ulikwisha akiwa na 21, na hakuna aliyemwambia. Hilo linatisha kuliko lori. Tena kwa kumuua kiongozi, mwandishi amefunga na mlango wa jinai, maana maiti haishtakiwi. Wenye mhuri wanarudi nyumbani salama, na ni yeye mwenyewe mtunzi aliyewafungulia njia.

Nilimrudishia kaunta buku jioni, tumekaa kwenye benchi la muuza kahawa Zakhem. Nikamwambia lori silitaki, namtaka aliyeandika ile barua. Alikaa kimya mpaka kahawa ikapoa.

"Aliandika katibu," akasema. "Alikuwa na mwandiko mzuri sana."

Sikumuuliza amejuaje. Akaichana sura ya sita pale pale, akaitia mfukoni. Sura mpya hajaleta bado.