Kufungua na Kufunga

Kolwezi ni mji wa kufungua. Migodi imeuzunguka, na kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo mwaka 2014, watu walichimba hata ndani ya vyumba walimolala. Kufunga ndiko hakuna mabingwa wengi. Kwa hiyo namsifu fundi wa kompyuta, mtu ambaye kazi yake hukaguliwa pale skrubu ya mwisho inapokazwa: mezani kisibaki kitu.

Laptopu ya miaka kumi humfikia na kesi ileile: inachemka, inanguruma, inajikokota. Mwenyewe ameshaihukumu kifo. Fundi anaigeuza, anatoa mfuniko wa chini, na kabla ya lolote anachomoa betri. Kiangazi cha mkoa huu wa Lualaba hakina mvua ya kulaza vumbi linalotimuliwa na malori ya madini. Feni hulivuta vumbi hilo mwaka hadi mwaka, mpaka kati yake na mapezi ya kupozea panafumika blanketi la rangi ya udongo. Joto likikosa pa kutokea, prosesa hujipunguzia mwendo inapokaribia nyuzi 100, isije ikaungua. Mara nyingi uzee wote unaolalamikiwa ni huo tu.

Hapo ndipo mkono hujulikana. Asiyejua hupuliza hewa kwa nguvu akaiacha feni izunguke kupita kipimo chake, akaiua akidhani anaisafisha. Anayejua huizuia kwanza kwa kijiti. Skrubu huzipanga juu ya karatasi aliyochora umbo la mashine, kila moja mahali pake, kwani ndefu ikiingia tundu la fupi huweza kutoboa ubao. Gundi ya joto iliyokauka juu ya prosesa huifuta kwa spiriti, na mpya huweka kiasi cha punje ya mchele. Kuzidisha hakusaidii, maana gundi huziba tu mianya midogo. Kinacholibeba joto ni kibomba bapa cha rangi nyekundu. Shaba! Wenyeji wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha malakiti kwa mkaa na kutengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, zamani kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Kama shaba ya kibomba hiki ilichimbwa hapa, haina alama ya kutuambia.

Kisha mfumo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi za kabla ya 2017, hata zile zenye afya. Fundi hutoa flashi yenye mfumo mwingine, Linux Mint, toleo la Xfce lisilo na mapambo mengi. Lakini hafuti kitu kabla ya kuuliza: picha ziko wapi? Kazi ya chuo je? Akishanakili huyafungua mafaili yenyewe, moja hapa, moja pale, kwa sababu jina la faili laweza kuonekana na ndani pakawa patupu. Usafi wa feni unaonekana kwa macho. Uangalifu huu hauonekani, na mimi ndio ninaouheshimu zaidi. Maji ya mto Lualaba huzungusha mitambo ya Nzilo na Nseke, si mbali na mji, lakini mitaani umeme hukatika utakavyo. Ukikatika katikati ya kazi, naye ana nakala nzima pembeni, anaanza upya bila jasho.

Jambo dogo la mwisho huwatesa wanagenzi: wasipouambia mfumo kwamba kibodi ni ya Kifaransa, wakibonyeza A inatoka Q, na neno la siri linakataliwa mbele ya mteja.

Fundi mzuri hairudishi mashine papo hapo. Huichezesha video ndefu, kiganja kikiwa chini yake, akisikiliza feni. Mteja akija, hawezi kukosa la kulalamikia: vitu havipo alipovizoea. Fundi humvutia kiti, nao huanza kuvitafuta pamoja.