Nyuzi Tatu za Khorasan

Dondosha uzi mmoja wa zafarani kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, usubiri. Mwanzoni huoni kitu. Halafu rangi ya dhahabu inaanza kujivuta kutoka kwenye uzi, taratibu kama moshi wa ubani, mpaka maji yote yawe manjano na uzi wenyewe ungali mwekundu. Rangi hiyo ndiyo krosini.

Ndugu zake, kama rangi ya karoti, hukubali mafuta tu. Krosini imebeba sukari, kwa hiyo huyeyuka majini. Walimu wa pwani yetu walioandika kombe, yaani aya za Kurani, sahanini kwa zafarani, wakaisuuza sahani ili mgonjwa anywe, waliijua tabia hiyo kwa mikono yao.

Khorasan, mashariki mwa Iran, ua la zafarani, lenye rangi ya zambarau, huchanua majuma machache tu, kati ya Oktoba na Novemba. Halizai mbegu: kila mmea umetokana na tunguu lililochimbwa na kupandwa upya na mtu. Wachumaji huinama shambani alfajiri, kabla jua halijalichosha ua. Kisha watu huketi kuzunguka lundo la maua, wakiyafungua moja moja kwa ncha za vidole. Kila ua lina nyuzi tatu. Wanaotafuta daraja wanayoiita *sargol* hukata pale pale wekundu unapoishia na kuacha kishina cha manjano. Kilo moja iliyokauka hutaka maua kama 150,000, yaani nyuzi 450,000, na zote zimepita vidoleni.

Mimi nawavulia kofia zaidi wakaushaji. Unyevu ukibaki, ukungu huingia. Moto ukizidi, krosini huharibika. Tena ni katika kukauka ndipo pikrokrosini, yenye uchungu, inapozaa safranali, ile harufu tunayoifuata kwenye biriani. Anayekausha vibaya hupoteza rangi, harufu na dawa kwa pamoja.

Dawa, naam. Mwaka 2004 watafiti wa Tehran walichapisha jaribio la watu 30 wenye sonona isiyo kali sana. Wengine walipewa miligramu 30 za dondoo la zafarani kwa siku, wengine imipramini, dawa ya hospitali. Baada ya wiki sita, nafuu ya makundi hayo mawili ilikaribiana. Majaribio mengine yakafuata. Inajulikana pia kwamba krosini ikifika tumboni huvuliwa sukari yake na kuwa krosetini, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu. Watu 30 ni wachache na wiki sita ni fupi, lakini kwangu hilo ni tumaini la kweli, linalostahili utafiti mkubwa zaidi.

Kwa hiyo ukinunua, nunua nyuzi nzima, usichukue unga, maana unga huchanganywa kwa urahisi. Zihifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mbali na mwanga. Mjamzito asizidishe kipimo cha jikoni. Na aliyeandikiwa dawa za sonona asiziache kwa ajili ya zafarani kabla ya kuzungumza na daktari wake.