Tone la Macho: Kinachoingia na Kinachomwagika

Mtu aliyeshinda mbele ya kompyuta hupita duka la dawa jioni na kusema, "Nipe dawa ya macho." Muuzaji humuuliza swali moja: ya shilingi ngapi? Lililopaswa kuulizwa ni jingine kabisa: macho yamekauka, yanawasha, au yamekuwa mekundu? Vile vichupa vinavyokaa rafu moja, umbo moja na kifuniko cheupe kilekile, havifanyi kazi moja. Na hata aliyechagua sawasawa, mara nyingi hutia vibaya.

Tuanze na ukavu wenyewe. Jicho halifunikwi na maji matupu. Utando wa machozi una ute unaoshikamana na konea, una maji yenye chumvi na protini, na juu kabisa una mafuta membamba kutoka kwenye tezi zilizojipanga kwenye kingo za kope. Mafuta yakipungua, maji hukauka upesi. Kila tunapopepesa, kope huutandaza utando huo upya. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akikazia macho kioo cha simu, idadi hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na kope ya juu mara nyingi haifiki chini. Jicho likikauka sana hukereka na kumwaga machozi ya ghafla. Ndiyo maana wako watu wenye macho makavu wanaoapa kwamba yao ni maji tele.

Machozi bandia hutengenezwa kwa ajili ya hali hii. Ukisoma karatasi ya ndani utakuta majina kama selulosi ya kaboksimethili, haipromelosi au hayaluronati ya sodiamu. Kazi ya vitu hivi ni kushika maji na kuyachelewesha juu ya jicho. Havitibu chochote, navyo havidai kutibu. Yaliyo mepesi hudumu muda mfupi na hayatii ukungu. Jeli hudumu zaidi lakini hufifisha kuona kwa dakika kadhaa, kwa hiyo si ya kutia ukiwa karibu kushika usukani. Mafuta mazito ni ya kulalia.

Kichupa cha kuondoa wekundu ni habari nyingine. Ndani yake kuna tetrahidrozolini au nafazolini, dawa zinazobana mishipa midogo ya damu. Jicho huwa jeupe ndani ya dakika chache, na mwenye jicho hufurahi. Dawa ikiisha nguvu, mishipa hutanuka tena, na kwa anayeitumia kila siku hutanuka kuliko mwanzo. Hutia tena, na mchezo unaendelea. Ukavu uko palepale. Mwenye presha ya macho ya aina ya pembe nyembamba asiiguse bila daktari, na nyumbani iwekwe mbali na watoto: tetrahidrozolini ikinywewa, hata kidogo, humlegeza mtoto na kushusha mapigo ya moyo.

Kibaya kuliko vyote ni kile cha tatu, chenye deksamethasoni au steroidi nyingine, aghalabu ikiwa imechanganywa na antibiotiki. Kisheria ni dawa ya cheti cha daktari, lakini kwenye maduka yetu mengi huuzwa kama pipi. Hutuliza jicho upesi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mteja hurudi kununua. Ikitumiwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na kama kuna vidonda vya hapesi kwenye konea, huvipalilia. Hii si dawa ya uchovu wa kompyuta hata siku moja.

Sasa utiaji. Tone moja la kichupa ni kama mikrolita 40, wakati nafasi kati ya kope na jicho haibebi zaidi ya mikrolita 30 hivi. Maana yake tone moja tu tayari linafurika. La pili huishia shavuni, na pesa pamoja nalo. Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini itengeneze kifuko, dondosha tone humo wala si juu ya mboni, bila ncha ya kichupa kugusa kope. Kisha usipepese kwa fujo, kwa sababu kupepesa ndiko kunakosukuma dawa kwenye mfereji wa machozi na kuishusha puani. Ule uchungu unaouonja kooni ni dawa iliyopotea njia. Funga jicho taratibu, bonyeza kona ya ndani kwa kidole dakika moja au mbili. Kama una dawa mbili, zipishane kwa dakika tano.

Ncha isiguse kope kwa sababu kichupa kikiachiwa huvuta hewa na chochote kilicho mdomoni mwake. Ndiyo maana vichupa vingi hutiwa kihifadhi, hasa kloridi ya benzalkoni. Nayo ina gharama: ikizidi mara nne kwa siku huweza kuikera konea, hivyo anayetia mara nyingi hushauriwa vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa. Mwaka 2023, nchini Marekani, machozi bandia ya EzriCare yaliyotengenezwa Chennai, India, yaliondolewa sokoni. Hayakuwa na kihifadhi, lakini yalikuwa kwenye vichupa vya kutumia mara nyingi. Bakteria wa Pseudomonas wasiosikia dawa waliwapata watu 81 katika majimbo 18. Wanne walikufa, 14 walipoteza uwezo wa kuona. Wakaguzi walikuta pia dosari za usafi kiwandani, kwa hiyo kosa halikuwa la kichupa peke yake.

Kwa mtu mwenye uchovu wa kawaida, uamuzi wangu ni huu: machozi bandia, kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, na kupepesa kikamilifu. Andika tarehe uliyofungua kichupa. Vingi hutupwa baada ya siku 28. Ukiwa na maumivu, usaha, mwanga unaoumiza au ukungu usioondoka kwa kupepesa, liache duka la dawa uende kliniki ya macho siku hiyohiyo.