Msahafu Si Mshumaa: Uhakiki wa Namna Tunavyoimulika Misahafu ya Kale

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ni jambo la kupendeza kuona misikiti, vyuo na makumbusho vikiitoa misahafu ya kale iliyoandikwa kwa mkono na kuionyesha kwa Waislamu. Kijana aliyezoea msahafu wa chapa huona kwa macho yake jasho la waliomtangulia. Hilo tunalishukuru. Lakini katika maonyesho zaidi ya moja tumeona msahafu wa zamani umefunguliwa ukurasa uleule miezi kwa miezi, ndani ya sanduku la kioo, juu yake balbu kali inayochoma, na sanduku lenyewe limewekwa kando ya dirisha linaloingiza jua. Waliofanya hivyo walikusudia kuutukuza msahafu. Sisi twasema kuwa wanauharibu, na kwamba nia njema haiondoi madhara.

Moto wa Madina

Taa na vitabu vina historia ndefu katika Uislamu. Ibn Majah amepokea kuwa Tamim ad-Dari ndiye wa kwanza kuwasha taa misikitini, ingawa wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha sanadi ya riwaya hiyo. Na as-Samhudi, mwanahistoria wa Madina aliyefariki mwaka 911 H, ameeleza jinsi Msikiti wa Mtume ulivyoungua mwanzoni mwa Ramadhani ya mwaka 654 H (1256 M). Moto ulianzia ghalani, pale mtumishi wa msikiti alipoingia na moto mkononi ili atoe taa. Kilichosalimika ni kuba lililokuwa uani, ambamo mlihifadhiwa hazina za msikiti, ukiwemo msahafu unaonasibishwa na Sayyidna Uthman (R.A.). Msikiti ulipoungua tena mwaka 886 H kwa radi, vitabu vya as-Samhudi mwenyewe viliteketea.

Moto wa namna hiyo kila mtu anauogopa. Tunaotaka kuuzungumzia hapa ni moto wa pili, usiotoa moshi wala harufu, nao ni mwanga wenyewe.

Mwanga unavyokula wino

Mwanga unaogusa karatasi, ngozi au rangi hubadilisha umbile lake. Mabadiliko hayo hujilimbikiza siku hadi siku, na kilichochujuka hakirudi. Kibaya zaidi ni mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho, iliyomo kwa wingi katika jua na pia katika taa za tyubu. Lakini hata ukiizuia mionzi hiyo, mwanga unaoonekana nao una sehemu yake katika uharibifu.

Wahifadhi hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho laksi. Garry Thomson, aliyekuwa mshauri wa sayansi katika National Gallery ya London, alikieneza katika kitabu chake cha mwaka 1978 kiwango cha laksi 50 kwa vitu dhaifu kama maandishi na nguo, na makumbusho mengi yangali yanakifuata. Tupige hesabu. Laksi 50 kwa saa 8 kila siku, kwa siku 300, ni laksi-saa 120,000. Chini ya balbu ya laksi 500, kiasi hichohicho hutimia kwa siku 30. Na chini ya jua la adhuhuri, linaloweza kufika laksi 100,000, hutimia kwa saa moja na dakika 12. Kwa hiyo sanduku lililo dirishani laweza kuula mwaka mzima wa umri wa msahafu kwa siku chache tu.

Msomaji wa Kiarabu ataelewa hasara hii kuliko mtu mwingine. Waandishi wa zamani walitofautisha midadi, yaani wino wa masizi, na hibri, yaani wino wa afsi na chuma. Masizi hustahimili mwanga. Hibri huweza kufifia ikawa hudhurungi hafifu. Rangi ndizo dhaifu zaidi. Nyekundu ya mimea huchujuka, na nyekundu ya zinjifuri huweza kugeuka nyeusi. Nazo rangi hizo hazikuwekwa kwa urembo tu. Abu Amr ad-Dani (aliyefariki mwaka 444 H), katika kitabu chake al-Muhkam, ameeleza kuwa watu wa Madina walitumia nukta nyekundu kwa irabu na za njano kwa hamza. Nukta hizo zikifutika, imefutika elimu: hatutajua tena mwandishi yule aliisoma aya ile kwa kiraa gani.

Asili na matunda

Hapa ndipo fikihi inapoingia. Misahafu mingi ya kale ni wakfu, au ni amana iliyo mikononi mwa wanaoitunza. Umar (R.A.) alipomtaka Mtume (S.A.W.) ushauri juu ya ardhi yake ya Khaybar, alielekezwa aizuie asili na ayatoe matunda yake. Huo ndio msingi wa wakfu: asili ibaki, manufaa yatoke. Kwa sababu hiyo Ibn Qudama katika al-Mughni ametaja kuwa mafakihi wengi hawakuswihisha wakfu wa kitu kisichoweza kunufaisha ila kwa kuisha chenyewe, kama vile chakula na mshumaa.

Basi msimamizi anayeuweka msahafu wa wakfu chini ya taa kali mwaka baada ya mwaka ameugeuza kuwa mshumaa. Watu wananufaika kwa kuutazama, nao unaisha kwa kutazamwa. Na kanuni iliyothibiti kwa mafakihi, iliyoandikwa pia katika Majalla ya Dola ya Uthmaniya, ni kuwa kuzuia uharibifu kunatangulia kuleta manufaa.

Hoja mbili na majibu yake

Yuko atakayesema: maneno ya Allah yanastahiki nuru iliyo bora kuliko zote. Twajibu: heshima ya kitu ni kukihifadhi, na utukufu wa Qur'ani hauongezwi na balbu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Msahafu uliandikwa ili usomwe. Mzee mwenye macho hafifu haoni kitu katika laksi 50, na kuufungia gizani milele ni kuyazuia matunda. Hili ni kweli, na hapa tunawahakiki wahifadhi nao. Laksi 50 si kiwango kisicho na madhara. Ni sulhu kati ya jicho la leo na jicho la kesho, na wapo wanaoitumia kama amri bila kufikiri. Kinachohesabiwa ni jumla ya mwanga: mkali kidogo kwa muda mfupi waweza kuwa sawa na hafifu kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Birmingham kilipotangaza mwaka 2015 kuwa ngozi ya karatasi zake mbili za Qur'ani imekadiriwa kuwa ya kati ya mwaka 568 na 645 M, watu walitamani kuziona, nazo zikaonyeshwa hadharani kwa wiki chache za Oktoba mwaka huohuo. Na huku kwetu, misahafu na vitabu vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha hiyo mzee ataisoma chini ya taa apendayo, na asili ibaki salama.

Linalotakiwa

Kwa wasimamizi wa misikiti na vyuo, nasaha zetu ni hizi. Sanduku liwe mbali na dirisha. Balbu za kuchoma na tyubu ziondolewe, zitumike taa za LED zenye mwanga wa joto, usioelekea ubuluu, nazo zioneshe rangi kwa uaminifu. Kifaa cha umeme cha taa hizo kikae nje ya sanduku, kwa kuwa hutoa joto, na ngozi katika sanduku lililofungwa hunywea mchana na kutanuka usiku. Chumba chenyewe kipunguzwe mwanga ili jicho lizoee. Ukurasa ufunuliwe mwingine kila baada ya miezi michache. Kioo kifunikwe kitambaa ambacho mgeni atakifunua atazame, kisha akirudishe. Hayo yote gharama yake ni ndogo, na kitambaa anaweza kukishona fundi yeyote wa mtaani.

Na imamu asiyeweza hata hayo, bora aufunge msahafu wake na kuuweka pakavu pa giza, aufungue siku maalumu. Kizazi kijacho nacho kina haki katika wakfu huo, wala hakijatupa idhini ya kuutumia wote.

Wabillahi tawfiq.