Omba kwanza uonyeshwe waya

Hapa kwetu Kintinku hakuna bahari. Tuna visima virefu, matangi, malambo ya kifuku, na upande wa Bahi kuna bonde ambalo mwaka wa mvua nyingi hugeuka ziwa la tope. Maji hayo yametosha kunifundisha kuitambua roboti ya majini iliyoundwa na fundi anayejua kazi.

Roboti hiyo haina mtu ndani. Yenyewe inazama, rubani anabaki nchi kavu na skrini yake, na kati yao kuna waya. Wauzaji hukimbilia kukuonyesha kamera. Wewe omba waya. Mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji, kwa hiyo kila amri inayoshuka na kila picha inayopanda hupita humo. Kata kipande, kitie kwenye ndoo. Waya mzuri hauzami wala hauelei, unaning'inia katikati. Unaozama utaburuza chini na kutibua tope, unaoelea utaivuta roboti juu. Kisha tazama pale waya unapoingia mwilini mwa roboti: mvuto ubebwe na nyuzi imara, usiachiwe nyaya za shaba. Unene nao ni gharama, maana mkondo husukuma waya mita kwa mita. Kumbuka ajali hii: tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Kwenye mlango wa bahari kama ule, wenye mkondo mkali na maji yasiyopitisha macho, waya mnene kupita kiasi humshinda rubani kabla hajafika chini.

Sasa jaza simtanki la lita 2,000, uitumbukize roboti mota zikiwa zimezimwa. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Iliyopimwa vizuri inatulia chini kidogo ya uso wa maji, au inapanda polepole mno, tumbo likiwa sawa kama dau lililopakiwa kwa mizani. Isukume ubavuni kwa kidole mpaka ilale, kisha iachie. Irudi wima yenyewe, bila papara na bila kupepesuka. Siri yake ni boya kukaa juu na uzito kukaa chini, kwa nafasi ya kutosha kati yao. Wapo waundaji wanaoficha mizani mbaya kwa nguvu za mota, na skrini haitakuambia. Betri itakuambia, na tope linalotimuliwa na rafadha zisizopumzika litakuambia. Uliza pia ilipimwa kwenye maji gani. Maji ya chumvi ni mazito kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo roboti ya kilo 10 iliyotulia vizuri Tanga, ukiileta kwenye maji baridi ya Kintinku, inazama kana kwamba umeifungia robo kilo ya mawe.

Uzuri wa utulivu huo ulionekana hukohuko Tanga mwaka 2007, watafiti wa Aquamarine Fukushima ya Japani waliposhusha roboti wakampiga picha silikanti akiwa hai. Huyu ni samaki ambaye wanasayansi walimdhania ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hukaa kwenye mapango ya kina kirefu, akipunga mapezi yake taratibu. Chombo kinachohangaika kingemfukuza.

Kuziba maji hakuna mjadala. Kila mita 10 za kina huongeza takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba. Kioo cha kamera chenye kipenyo cha sentimita 10, kikifika mita 100, kinabebeshwa karibu kilo 800. Kinachozuia maji pembeni yake ni oringi, pete ya mpira, na mimi nimewahi kupoteza kamera nzima kwa unywele mmoja ulionasa chini ya mpira huo. Fundi makini huifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, huipaka grisi ya silikoni kidogo tu, kisha hunyonya hewa ya ndani na kuitazama geji kwa robo saa. Sindano ikisogea, hashushi kitu.

Taa zikae mbali na kamera, kulia na kushoto. Zikiwekwa kando ya lenzi, kila chembe ya tope itang'aa usoni mwako, kama taa kali za gari ndani ya vumbi la kiangazi.

Visimani kwetu rafadha hazina kazi, bomba lenyewe ni jembamba. Anayeshuka ni ndugu wa roboti: kamera ya kisima, inayoteremshwa kwa waya na kushikiliwa katikati ya bomba. Katika nchi ambayo mradi mzima wa Kintinku–Lusilile, wa vijiji 11, ulipangwa kunywesha watu kutoka chini ya ardhi, kamera hiyo ndiyo macho yetu. Ipime vilevile. Isimamishe mbele ya chujio la kisima, ngoja maji yatulie, usiguse kitu. Kamera inayotikisika itakuonyesha ukungu. Iliyotulia itakuonyesha tundu moja lililopanuka, na punje za mchanga zikiingia kupitia hapo, moja baada ya nyingine.